Fundi Dastani azunguka vijiji kuvua rangi alizovisha mwenyewe

Umande bado haujakauka kwenye mikorosho ya Chiungutwa, wilayani Masasi, na Dastani Mnali anaruka kutoka kwenye baiskeli kabla haijasimama sawasawa. Anaiegemeza ukutani. Anafungua mpira uliofunga sanduku la vifaa kwenye keria, anaufunga, anaufungua tena. Kisha anasimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa shaurini.

"Hodi wenyewe!"

Anayetoka ni Severina, mjane ambaye kijiji kizima humwita Mama Oliva. Amerudi sasa hivi kutoka kupulizia mikorosho. Nyusi zake na mikunjo ya kanga vimejaa unga wa njano wa salfa, macho yameiva.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Basil. Kama umekuja kunisalimu, karibu chai. Kama umefuata mashine yangu, chai utakunywa, mashine huioni."

Dastani anacheka kidogo, kicheko cha kuazima. Anapewa kiti. Anakishika mgongo wake, hakikalii.

Mashine inayosemwa ni ile ya kubeba mgongoni, yenye injini ndogo ya petroli, tangi la salfa na bomba refu ambalo mpuliziaji hulielekeza juu kwenye maua ya mkorosho. Huku wanaliita bomba hilo pamoja na mshikio wake "bunduki". Bila bunduki ya salfa, ugonjwa wa ubwiriunga huyavika maua unga mweupe, yakakauka yakapukutika, na msimu wa mkulima ukaishia hapo.

Ya Mama Oliva ni nyekundu. Mshikio, vifuniko, pete za bunduki, kabureta, hadi bamba dogo linaloshika swichi, vyote vinang'aa. Ni Dastani aliyevitia rangi hiyo mwaka jana. Ni yeye huyo huyo ambaye tangu mwezi wa sita mwaka huu wa 1996 anazunguka kijiji kwa kijiji akiwabembeleza watu wamruhusu aivue.

"Rangi hii niliichagua mwenyewe," Mama Oliva anasema, mikono kiunoni. "Mashine yangu ya kwanza iliibwa. Ikaonekana Masasi mjini kwa mtu, nikaitwa niitambue. Nitaitambuaje? Zote zimefanana kama mayai. Nikarudi mikono mitupu. Leo kila mtu anajua mashine nyekundu ni ya Severina. Wewe unataka kunirudisha kule kule?"

"Mama, mashine ile ina hatari."

"Hatari gani? Nimetoka nayo shambani sasa hivi. Kwani mimi ni maiti?"

Fundi anazunguka kiti, anatazama mlango ambao nyuma yake mashine imefungiwa, anazunguka tena.

Dastani, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mzaliwa wa kijiji hiki hiki. Baba yake alilima korosho na mihogo, na yeye angelima hivyo hivyo kama mjomba wake asingemchukua Dar es Salaam mara tu alipomaliza darasa la saba. Huko alipata kazi katika kiwanda kimoja cha umma kilichotengeneza sinia, birika na fremu za madirisha ya alumini.

Aliwekwa kwenye mabeseni. Hapo ndipo alumini ilipovishwa rangi, na kazi yenyewe haikuwa ya brashi. Kipande kinaning'inizwa kwa waya ndani ya tindikali iliyozimuliwa kwa maji, bamba la madini ya risasi linawekwa upande wa pili, halafu umeme unapitishwa. Taratibu uso wa alumini unaota ngozi nyembamba, ngumu kuliko alumini yenyewe, yenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kikitumbukizwa kwenye rangi, ngozi inaifyonza. Kikichemshwa kwenye maji safi, vitundu vinafumba na rangi inabaki humo.

"Rangi ya brashi inakaa juu ya kitu kama kofia," anaeleza huku akijikuna mkono wenye makovu ya tindikali. "Hii inaota mwilini, kama kucha. Huwezi kuibandua."

Mambo yalipobadilika nchini, biashara ikafunguliwa na viwanda vya umma vikaanza kuuzwa, kiwanda chao nacho kikapata mwenyewe mpya. Watu wakapunguzwa. Dastani alirudi kusini mwaka 1993 na sanduku la vifaa, mabamba mawili ya risasi aliyoruhusiwa kuondoka nayo, na mke wake Julia, ambaye ni Mmakonde wa Newala. Wakajenga kwao mwanamke, juu kwenye uwanda.

Alichokikuta kilimshangaza. Korosho iliyokuwa ikiuzwa kwa mnunuzi mmoja tu, sasa ilikuwa na wanunuzi binafsi waliokuja na magari yao na mizani yao. Maduka yalileta vitu ambavyo zamani vilisubiriwa hadi watu wakavisahau. Mashine za kupulizia zilikuja za kila aina, nyingine imara, nyingine za kuonea huruma, na mkulima aliyejinyima misimu kadhaa aliweza kupata ya kwake.

Lakini salfa ikikutana na umande ni balaa. Baada ya msimu mmoja, vipande vya alumini vilifanya ukurutu mweupe, vikalika kama sabuni iliyosahauliwa majini. Mafundi baiskeli wa Newala walivipiga msasa, vikalika tena.

Dastani akaona mlango. Kilichovishwa ngozi hakiliki ovyo. Akatafuta maji ya betri kwa madereva wa malori, akaazima betri mbili za gari na kuzichajisha kwenye mashine ya kusaga ya jirani, akanunua rangi ya kutia ukindu wa mikeka. Mashine ya kwanza kuitia rangi ilikuwa ya bluu. Aliianika kibarazani, watu wakajaa.

"Walidhani nimenunua mpya," anasema.

Kwa mashine moja alitoza shilingi elfu nne, na katika miezi ya upuliziaji hakulala na deni. Kila mtu alitaka rangi yake, kama anayechagua kanga. Nyekundu, kijani, zambarau, dhahabu. Wengine walisema hawajali kulika wala kutolika, wanataka mashine yao ionekane kutoka mbali.

Ila maradhi ya kazi ile yalianza kujitokeza mapema, na Dastani hakuyaficha. Vipande vya kumiminwa kwenye kalibu havikukubali rangi kama vya bati la alumini. Ukivitumbukiza pamoja, kimoja kinatoka chekundu, kingine kinatoka na rangi ya ini lililolala. Mwenye mashine anakasirika, na hakuna la kumfanyia. Jua la uwandani nalo lina lake. Nyekundu ilipauka ikawa waridi, zambarau ikawa rangi isiyo na jina. Skrubu zilizokuwa zikiingia kwa vidole zikaanza kudai nguvu.

Halafu kulikuwa na maji.

Newala maji ni ya kuhesabu. Bomba likigoma, ndoo moja hununuliwa kwa bei ambayo watu wa mabondeni wakiambiwa hucheka. Nyumba ya Dastani, kama nyingi za hapo, ina kisima cha kuvunia maji ya mvua yanayotoka kwenye bati. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga na ya kufua hadi mvua nyingine.

Kila kipande kilichotoka kwenye tindikali kilitakiwa kusuuzwa, kikatiwa rangi, kikasuuzwa, kikachemshwa. Maji machafu hayangeweza kutumika tena.

"Nilikuwa nashindana na beseni," anasema Julia, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno. "Mimi nachota, beseni linakunywa. Wanangu wanaoga kwa kikombe, vyuma vya watu vinaoga kwa ndoo. Na yale maji akiyamwaga nyuma ya nyumba, mihogo inasinyaa. Nguo zake zote zina matundu. Usiku anakohoa, nikimwambia aache, ananiambia msimu huu tu, Mama Basil, msimu huu tu."

Msimu huu ukafika. Mwanzoni mwa mwezi wa sita, huko Mnyambe, mkulima aitwaye Fakihi alibeba mashine yake ya bluu kwenda kupulizia raundi ya pili. Mkewe Esha alikuwa mbele yake na mfuko wa salfa kichwani.

Fakihi anasimulia akiwa amekaa mlangoni kwake. Mkono wake wa kulia, kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko, umebadilika ngozi, vidole viwili havijanyooka.

"Niliongeza moto wa injini ili unga ufike kileleni. Nilipotaka kupunguza, haukupungua. Injini ikazidi kulia. Nikabonyeza swichi ya kuzimia. Kimya? Wapi! Nikabonyeza tena na tena. Inalia mgongoni kwangu kama kitu kilichopagawa. Nikavua mkanda mmoja niiteremshe, ikanielemea, kifuniko cha tangi kikafunguka."

Salfa ilimwagikia kwenye ekzosi iliyokuwa imeiva kwa moto. Ikawaka.

"Moto wake ni wa bluu, mchana huuoni vizuri," anasema Esha. "Mimi niliona moshi, nikasikia mume wangu anapiga kelele. Mkono ulikuwa bado umenasa kwenye mkanda. Sikuwa na maji. Maji yatoke wapi? Nikachota mchanga kwa mikono, nikamfukia kama ninayefukia kinyesi cha paka. Ule moshi ukiuvuta, kifua kinafunga. Nilimvuta kwa mguu hadi mbali."

Injini iliendelea kunguruma peke yake mchangani hadi petroli ilipokwisha.

Habari ilipanda Newala siku ile ile. Haikuletwa na barua wala mjumbe, ila na kaka yake Fakihi, Nurdini, akiwa na mashine yenyewe begani, imeungua. Aliitupa kwenye kibaraza cha Dastani, mbele ya wateja wawili.

"Rangi yako hiyo," alisema. "Nzuri, sivyo?"

Dastani aliifungua papo hapo. Anasema alijua kabla hajamaliza kufungua skrubu ya tatu.

Ndani ya kabureta kuna kipande cha mviringo kinachopanda na kushuka. Kikipanda injini inakimbia, kikishuka inatulia. Alikuwa amekivisha ngozi. Na ngozi ile haioti kwenda nje tu wala ndani tu, inaota kote kuwili. Kipande kinanenepa. Jicho halioni, lakini tundu kinamopita linajua. Karakanani kilipanda na kushuka vizuri kwa sababu alikisugua na kukitia mafuta. Shambani unga wa salfa ulipopenya kwenye nafasi iliyobaki, kikakwama juu.

La pili lilimuuma zaidi. Swichi ya kuzimia hufanya kazi kwa kuupeleka umeme wa plagi kwenye mwili wa injini ili ufie huko. Alumini tupu hupitisha umeme. Ile ngozi haipitishi. Bamba la swichi alilolivisha rangi liligusana na chuma kitupu kwenye meno ya skrubu tu, na mtikisiko ulipoilegeza skrubu ile, swichi ikawa pambo.

"Kiwandani tulivisha sinia," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anasimama tuli. "Sinia haipiti ndani ya kitu. Fremu ya dirisha haizimi injini. Mimi nikachukua kazi ya sinia nikaiweka kwenye kitu kinachotembea. Hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza."

Siku chache baadaye alikwenda Mnyambe. Julia alimshauri aende na mzee wa kanisa, au mwenyekiti wa mtaa, mtu wa kumsemea. Akaenda peke yake. Anasema njiani alishuka kwenye baiskeli mara nyingi, akapanda tena, kama ambaye mguu mmoja unataka kwenda na wa pili unataka kurudi.

Nurdini ndiye aliyempokea. Hakumkaribisha kiti. Alisema maneno ambayo Dastani hataki yaandikwe, akataka suala lipelekwe kituoni. Ndani, Fakihi alikuwa amelala, mkono umefungwa bendeji, ametoka hospitali siku hiyo.

"Mwacheni aingie," Fakihi alisema.

Dastani aliingia. Akatoa pole. Akasema yuko tayari kuuza baiskeli na mabati ya nyumba yake.

Fakihi aliinua mkono wenye bendeji. "Mabati yako yatanirudishia vidole?" aliuliza. "Kaa na mabati yako, wanao wanywe maji. Umetia rangi mashine ngapi?"

"Thelathini na kitu."

"Ziko wapi?"

"Newala hapa, Kitangari, Mahuta. Nyingine Masasi, Chiungutwa, kote huko."

"Na watu wameamka nazo leo asubuhi wamezibeba mgongoni?"

Dastani aliitikia kwa kichwa.

"Basi unakaa hapa kwangu unafanya nini?" Fakihi alisema.

Esha, aliyekuwa akisikiliza, anakumbuka kwamba mumewe aliongeza jambo moja. Maua yalikuwa yamefunguka, ubwiriunga haumsubiri mgonjwa, na shambani kulibaki raundi mbili. Mkono wenyewe ndio huo. Nani atapulizia?

Ndivyo ilivyokuwa kwamba fundi aliyetengeneza mashine za watu kwa miaka mitatu akabeba ya kuazima mgongoni kwa mara ya kwanza maishani, katika mikorosho ya Fakihi. Nurdini alitembea nyuma yake, akihakikisha hakuna mti unaorukwa.

"Nilidhani naijua mashine," Dastani anasema. "Nilikuwa naijua ikiwa mezani. Ukiibeba, husikii kitu kingine duniani. Salfa inaingia machoni, unalia. Mikanda inakata mabega. Nikajaribu kuwaza, hapa moto ukikwama ningefanya nini? Nivute waya wa plagi? Nifunge mafuta? Mimi fundi, nilishindwa kukumbuka bomba la mafuta liko upande gani. Ndipo nilipomwelewa Fakihi."

Raundi ya mwisho ilipokwisha, Nurdini alimpokea mashine begani. Akamwambia, "Nenda kanawe, tule." Na kituoni hakwenda.

Tangu hapo Dastani hakai. Jirani zake wanasema hata chai anakunywa akiwa wima. Anatembea na picha ya kila mashine kichwani, ya zambarau ya Kitangari, ya dhahabu ya mwalimu wa Mahuta, na akisikia injini ikilia mbali hugeuka kama mzazi aliyesikia mtoto analia. Kipato chake sasa ni kuziba sufuria na kunyoosha rimu za baiskeli, ambacho hakifiki nusu ya alichokuwa akipata.

Kuvua si rahisi kama kuvisha. Njia ya haraka ni kukitumbukiza kipande kwenye magadi makali ya kutengenezea sabuni, lakini magadi hayajui pa kukomea. Yanakula ngozi, kisha yanaanza kula alumini. Kipande cha kwanza alichokivua hivyo kililegea ndani ya kabureta, injini ikakataa kuwaka kabisa. Kikinenepa kinakwama, kikikonda kinavuja.

"Hakirudi kilivyokuwa," anasema. "Hilo nalo sikuwaambia watu, kwa sababu sikuwa nalijua."

Kwa hiyo anatumia msasa laini na mkono. Anasugua kidogo, anapima kwenye tundu, anasugua tena. Mashine moja humla nusu siku. Hadai malipo.

Ajabu ni kwamba wengi hawamtaki. Mmoja alidhani anataka kumharibia ili amuuzie nyingine. Mwingine alimwambia wivu umemjaa kwa kuwa fundi mpya wa mjini anachukua wateja wake. Mwalimu wa Mahuta alimwachia, ila akamwomba asiguse mahali panapoonekana.

Na sasa Mama Oliva.

Chai imekwisha kunywewa, upande mmoja umekaa, upande mwingine umesimama. Dastani anaweka kikombe chini.

"Mama, sitaigusa. Nakuomba kitu kimoja tu. Iwashe mwenyewe, uizime mwenyewe, mimi nikiona."

Mama Oliva anaona hakuna ubaya. Anaitoa nje, anavuta kamba, injini inadaka. Anaiacha ilie kidogo, anabonyeza swichi. Inazimika.

"Umeona?" anasema, na furaha yake anashindwa kuificha.

"Nimeona. Tena, mama. Ongeza moto kama uko shambani."

Inalia, inazimika. Watu wa nyumba ya pili wametoka kutazama. Dastani jasho linamtoka. Anaonekana kama mtu anayetamani awe amekosea.

"Mara ya mwisho. Ibebe mgongoni. Zunguka nayo uwanja mzima, bunduki juu, kama unavyofanya."

Mama Oliva anaibeba. Anazunguka uwanja, moto juu, kuku wanatawanyika. Akifika karibu na jiko anabonyeza swichi.

Injini haijali. Anabonyeza tena. Anaishikilia swichi kwa kidole gumba, kidole kinakuwa cheupe, na uso wake unabadilika. Anageuza shingo kutafuta mtu. Midomo inasema kitu, lakini kelele zinakimeza.

Dastani amekwisha kufika. Anapunguza moto, na safari hii unapungua. Anazungushia kitambaa mkononi, anauchomoa waya wa plagi. Kimya kinaingia uwanjani ghafla hata masikio yanavuma.

Anamvua mikanda, mmoja, wa pili. Mama Oliva anakaa kwenye kile kiti alichokikataa fundi.

"Jana niliisimamisha kwa kufunga mafuta," anasema taratibu. "Nilidhani swichi imechoka tu. Nikasema nitakuja kununua nyingine." Anatazama jikoni. "Juzi aliibeba Oliva."

Binti mwenyewe, Oliva, amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi.

"Fungua sanduku lako, baba," anasema Mama Oliva.

Dastani anafanya kazi hadi jua linapopita utosini. Kabureta inafunguliwa, kipande cha ndani kinasuguliwa hadi kinashuka kwa uzito wake chenyewe. Chini ya bamba la swichi anakwangua rangi hadi alumini tupu inaonekana nyeupe, anafunga upya, na Mama Oliva anaiwasha na kuizima hadi anachoka. Mara zote inatii.

Anapoanza kugeukia mshikio wa bunduki, mwanamke anamzuia.

"Hapo pana hatari gani?"

"Hapo hapana."

"Basi paache."

"Rangi itapauka, mama. Jua litaifanya waridi."

"Nami si napauka? Tutapauka pamoja."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Dastani anacheka kicheko chake mwenyewe.

Anasema kazi ya rangi hajaiacha moja kwa moja. Akipata uwezo, ataivisha mishikio, vifuniko na pete, vitu visivyosuguana wala kupitisha umeme, na hatagusa kingine hata akibembelezwa. Amechimba shimo mbali na nyumba na kulijaza chokaa ili maji ya tindikali yafie humo. Julia amempa sharti lake: beseni halitakunywa tena kutoka kwenye kisima cha watoto. Atavuna maji yake mwenyewe au hatavisha.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa sasa zimebaki mashine tatu. Mbili anajua ziliko. Ya tatu, ya kijani, iliuzwa na mwenyewe kwa mchuuzi, na mchuuzi alivuka nayo Ruvuma kwenda Msumbiji, ambako nako kuna mikorosho na ubwiriunga ni ule ule. Jina la kijiji hakuna anayelijua kwa hakika. Wanasema tu ni juu, upande wa Mueda.

Jioni ya siku iliyofuata, nyumbani Newala, anamweleza Julia kwamba mwezi wa tisa mto ukipungua atavuka kuitafuta. Anasema hayo akiwa amesimama mlangoni, akifungua na kufunga komeo la mlango.

Julia anachambua mchele. Haachi kuchambua.

"Mto ule una mamba," anasema.

"Watu wanavuka kila siku."

"Hujui kijiji."

"Nitauliza."

"Utauliza kwa lugha gani? Kule si Masasi. Kule wanasema Kimakonde, na Kimakonde chako wewe hata kuku wetu wanakicheka." Anapeperusha ungo, makapi yanaruka. "Utamwambia mtu mashine yake itamuua, yeye ataelewa unamtishia maisha."

Dastani anaacha komeo.

"Kaa chini," Julia anamwambia. "Mwezi wa tisa tutakwenda wote."

Dastani anavuta kigoda, anakaa.